Manowari za kusindikiza misafara zilizobadilishwa bendera: tuusome na ule mstari wa mwisho

Mleta mada

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Tarehe 15 Machi 2018, katika kituo cha Sangley Point mkoani Cavite, Jeshi la Wanamaji la Ufilipino lilishusha kwa mara ya mwisho bendera ya manowari iliyoitwa Rajah Humabon. Chombo hicho kilishuliwa majini mwezi Mei 1943 huko New Jersey, Marekani, kikiitwa Atherton, na katikati ya maisha yake kilikuwa chini ya bendera ya Japani kwa jina la Hatsuhi. Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma habari za manowari za aina hii, na kila mara nakuta maandishi yanatumia kurasa nyingi kueleza miaka yake miwili ya Vita Kuu ya Pili, kisha yanafunga miaka hamsini au sitini iliyofuata kwa mstari mmoja: ikakabidhiwa nchi fulani. Mimi naamini kwamba historia ya meli hizi imo zaidi ndani ya mstari huo, na uzi huu nauandika ili kuufungua.

Waliozitaka kwanza walikuwa Waingereza. Mwaka 1941 nyambizi za Kijerumani zilikuwa zikizamisha meli za mizigo katika Atlantiki, na viwanda vya meli vya Uingereza vilikuwa vimeelemewa. Ndipo walipowaomba Wamarekani wawajengee manowari ndogo yenye kazi moja kuu: kukaa ubavuni mwa msafara wa meli za mizigo siku baada ya siku, kusikiliza chini ya maji, na kuiandama nyambizi kabla haijapata nafasi ya kufyatua torpedo, yaani bomu linalojiendesha chini ya maji. Manowari kamili ya mapigano iliweza kwenda noti 35 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa), lakini hii mpya ilitosha kwenda noti 20 au 21, kwa kuwa nyambizi ya Kijerumani iliyotumika sana ilikuwa haifikishi noti 18 ikiwa juu ya maji, na ikizama ilijikokota kwa noti saba au nane tu. Kupunguza kasi ndiko kulikoleta unafuu wote, maana mashine zilipungua ukubwa, chombo kikawa chepesi na bei ikashuka, hata viwanda ambavyo havijawahi kujenga manowari vikaweza kupewa kazi. Hadi mwisho zilijengwa 563, za aina sita zinazofanana sana.

Lipo jambo la mitambo ambalo halina budi kuelezwa, kwa sababu ndilo lililoamua ni meli zipi zitaishi miaka mingi. Turbini ya mvuke huzunguka kwa kasi kubwa mno kuliko rafadha, yaani pangaboi la kusukuma meli, na kati yake lazima pawe na gia kubwa iliyokatwa meno kwa usahihi wa hali ya juu. Mashine za kukata gia hizo zilikuwa chache, na manowari kubwa zilikuwa zinazigombania. Kwa hiyo aina iliyoitwa Cannon, ambayo Atherton ni mmoja wa ndugu zake, ilipewa injini za dizeli zinazozalisha umeme, na umeme huo ndio uliozungusha mota za rafadha. Ulikuwa ufumbuzi wa dharura. Hata hivyo, vita vilipokwisha, nchi zenye mafundi wachache wa mvuke na fedha kidogo za mafuta zilikuta kwamba manowari ya dizeli ndiyo wanayoimudu. Kati ya meli 72 za aina ya Cannon zilizokamilika, takriban 50 zilipeperusha bendera ya nchi nyingine wakati fulani. Sidhani kwamba hilo lilitokea kwa bahati.

Uhamisho wenyewe ulianza vita vikiwa vinaendelea. Uingereza ilipokea 78, ikaziita frigeti, yaani manowari ndogo za kusindikiza, na kuzipa majina ya makapteni wa zamani wa bahari, wengi wao wa zama za Admirali Nelson. Mabaharia wa Kiingereza walizilalamikia kwa jambo moja: zilikwenda mrama kwa mtikiso mfupi na wa ghafla, jinsi ambavyo mtu hasimami wala mzinga haulengi. Waingereza walikuwa wamezikataa torpedo, na uzito wa juu ukapungua kuliko ulivyokusudiwa, hivyo meli ikawa inajirudisha wima kwa haraka kupita kiasi. Dawa yake ilikuwa kuongeza ukubwa wa mbavu za nje za kuzuia mrama na kupakia juu ya sitaha mabomu ya kina mengi zaidi, yaani yale yanayodondoshwa majini yakalipuke chini karibu na nyambizi. Naona mfano huu una uzito, kwa sababu unaonyesha kwamba anayepokea meli ya mwenzake hapokei chombo kilichokamilika. Hupokea mawazo ya watu wengine kuhusu bahari nyingine, naye hulazimika kuyarekebisha kwa mikono yake.

Wafaransa huru, yaani waliokataa kusalimu amri kwa Ujerumani, walipata sita mwanzoni mwa mwaka 1944. Tarehe 12 Februari 1944 Rais Roosevelt mwenyewe alikuwepo Washington wakati mojawapo, Sénégalais, ilipokabidhiwa. Haikupita miezi mitatu kabla ya meli hiyo kujikuta mbele ya pwani ya Algeria katika msako mrefu wa nyambizi U-371, ambayo iliipiga kwa torpedo nayo ikaharibika bila kuzama, huku nyambizi yenyewe ikiishia kuangamia. Brazili ilipokea nane katika miaka ya 1944 na 1945. Mabaharia wa mataifa rafiki walipelekwa Miami, katika chuo cha Jeshi la Wanamaji la Marekani kilichofundisha uwindaji wa nyambizi, wakajifunza kwa lugha isiyo yao namna ya kutofautisha mwangwi wa nyambizi na mwangwi wa kundi la samaki.

Sasa nirudi kwa Atherton. Tarehe 5 Mei 1945, ambapo Ujerumani ilikuwa imebakiza siku chache kusalimu amri, nyambizi U-853 iliizamisha meli ya makaa ya mawe iitwayo Black Point karibu kabisa na pwani ya Rhode Island, na watu 12 wakafa. Amri ya kusitisha mashambulizi ilikuwa imekwisha kutolewa siku iliyotangulia. Atherton, pamoja na frigeti Moberly na wenzao, waliisaka usiku kucha kando ya kisiwa cha Block, na kufikia tarehe 6 nyambizi hiyo ilikuwa chini ya bahari na watu wake wote 55. Hapo ndipo maandishi mengi huishia.

Ila meli haikuishia hapo. Ililazwa akibani Florida hadi mwaka 1955, kisha pamoja na dada yake Amick ikapewa Japani, ambayo Kikosi chake cha Kujilinda Baharini kilikuwa hakijatimiza hata mwaka mmoja. Amick ikawa Asahi, yaani jua la asubuhi, na Atherton ikawa Hatsuhi, yaani jua la kwanza la mwaka. Fikirini maana yake. Japani ilipoteza sehemu kubwa mno ya meli zake za biashara kwa nyambizi za Marekani, na kuchelewa kwake kuunda misafara yenye ulinzi wa kutosha ni mojawapo ya makosa makubwa ya vita vile. Miaka kumi baadaye mabaharia wake walikuwa wanajifunza kazi ya kusindikiza ndani ya chombo cha adui wa jana. Walikitumia kwa miaka ishirini, hadi mwaka 1975.

Kituo cha tatu kilikuwa Ufilipino. Meli zote mbili zilikarabatiwa, na mwaka 1980 zikaingia kazini kwa majina ya Rajah Humabon, mtawala wa Cebu aliyempokea Magellan mwaka 1521, na Datu Sikatuna. Zilimkuta huko ndugu yao mwingine, Datu Kalantiaw, aliyekuwa Booth, aliyepokelewa tangu mwaka 1967. Sikatuna iliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1980. Humabon nayo iliondolewa mwaka 1993, kisha ikarudishwa kazini kwa sababu hapakuwa na nyingine ya kuziba pengo lake. Mwezi Juni 2011, mvutano na Uchina kuhusu miamba ya Scarborough ulipopamba moto, meli iliyotumwa kwenda kuionyesha bendera ya Ufilipino ilikuwa hiyohiyo, yenye umri wa miaka 68, bila kombora hata moja, na mizinga yake mikubwa ikiwa ya inchi tatu.

Nawakaribisha kwa maswali na masahihisho.

Mchangiaji kutoka Dar es Salaam

Mkuu, nakushukuru kwa uzi wenye kina. Nina swali moja: meli hizi ziligawiwa bure, ziliuzwa, au zilikopeshwa? Umetumia neno "kukabidhiwa" kila mahali, nami naona neno hilo linaficha jambo.

Mleta mada

Ndugu yangu, umegusa penyewe. Neno hilo linaficha mikataba ya namna tatu au nne, na tofauti zake ziliwagharimu watu.

Wakati wa vita msingi ulikuwa sheria ya Marekani ya tarehe 11 Machi 1941 ya kukopesha na kukodisha zana. Chini ya sheria hiyo Uingereza haikuwa mmiliki. Vita vilipokwisha, frigeti zile 78, kasoro zilizozama au kuharibika kiasi cha kutofaa kurudishwa, zilirejeshwa Marekani, na nyingi ziliuzwa kuwa vyuma chakavu. Meli ambayo wafanyakazi wake walikuwa wamezikana wao kwa wao baharini iliondoka kwa sahihi mbili za karatasini. Nchi iliyochoka kwa vita haikuwa na sababu ya kuzing'ang'ania, na Marekani yenyewe ilikuwa na nyingi kuliko ilivyozihitaji.

Ugumu ulionekana pale ambapo aliyekopa hakuwa na haraka. Mwaka 1945, huko Cold Bay katika Alaska, Marekani iliukabidhi Umoja wa Kisovieti frigeti 28 za kusindikiza, zilizokuwa jamaa wa karibu wa meli ninazozieleza, kwa matarajio kwamba Wasovieti wangeingia vitani dhidi ya Japani. Vita viliisha, urafiki ukaisha, na frigeti zikabaki huko hadi mwaka 1949, ziliporudishwa 27 katika bandari ya Yokosuka. Moja ilikuwa imepotea kwa dhoruba. Nyingi kati ya hizo zilipewa Korea Kusini na Japani baadaye. Chombo kimoja kiliweza hivyo kupita mikononi mwa Mmarekani, Mrusi na Mjapani katika muda wa miaka kumi.

Baada ya mwaka 1949 ulikuja mpango wa misaada ya ulinzi kwa nchi marafiki. Humo ndimo zilimopatikana meli sita za Uholanzi, tatu za Italia, nane nyingine za Ufaransa na nne za Ugiriki, zote kati ya mwaka 1950 na 1952. Peru na Uruguay nazo zilipata zao mwaka 1952. Artigas ya Uruguay ndiyo ile Bronstein iliyoshiriki kuzamisha nyambizi kadhaa mwezi Machi 1944.

Maoni yangu ni haya: karatasi iliyotia uzito zaidi ni ile ya vipuri. Unapopewa meli isiyojengwa tena, kila mwaka unaopita vipuri vinapungua duniani, na siku inafika ambapo njia pekee ya kuipa uhai meli moja ni kuifungua nyingine. Mafundi wa nchi hizi walifanya kazi hiyo kwa miongo, bila ya medali wala kitabu.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Mleta mada, shikamoo. Mimi nimezaliwa karibu na Kilindini, na marehemu babu yangu alikuwa akitusimulia kwamba wakati wa vita bandari ilijaa manowari hata maji hayakuonekana. Je, meli hizi za kuhamishwa zina uhusiano wowote na pwani yetu, au tunasoma ya wenzetu tu?

Mleta mada

Marahaba, ndugu yangu. Babu yako alisema kweli. Baada ya Wajapani kushambulia Colombo na Trincomalee mwezi Aprili 1942, Uingereza iliihamishia Kilindini sehemu kubwa ya Kundi lake la Mashariki, na Mombasa ikawa makao yake hadi mwaka 1943.

Ila uhusiano wa uchungu zaidi ni wa Khedive Ismail. Meli hiyo ya kubeba askari iliondoka Mombasa mwezi Februari 1944 kuelekea Colombo, katika msafara wa meli tano, ikiwa na wanajeshi wengi wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki pamoja na wauguzi wanawake. Walinzi wa msafara mzima walikuwa kruza (manowari kubwa) moja kongwe, Hawkins, na manowari mbili, Petard na Paladin. Tarehe 12 Februari, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga torpedo, nayo ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Waliokufa ni watu 1,297. Manowari zile mbili ziliiangamiza nyambizi, lakini ili kuifikia zililazimika kudondosha mabomu ya kina mahali ambapo manusura walikuwa bado wanaogelea. Mimi sijui namna ya kuandika sentensi hiyo bila kusimama kidogo. Mtu anapouliza kwa nini dunia ilihitaji mamia ya manowari ndogo za noti 20, mimi humtajia msafara ule wenye walinzi watatu, uliokuwa umebeba vijana wa nyumba zetu.

Uhusiano wa pili ni wa majina. Mbali na zile 78, Uingereza ilipokea frigeti 21 zilizojengwa Providence, Rhode Island, ikazipa majina ya makoloni yake. Mojawapo iliitwa Zanzibar. Nyingine ziliitwa Nyasaland, Somaliland na Seychelles. Wafaransa nao kati ya zile sita za mwanzo walikuwa na Somali na Hova, na miaka ya 1950 wakaongeza Sakalave na Malgache, majina ya watu wa Madagaska. Jina la Zanzibar lilizunguka bahari za kaskazini likiwa limebandikwa kwenye chombo cha Kimarekani chenye mabaharia wa Kiingereza, na mwaka 1946 likarudishwa pamoja na chombo kama mzigo uliokwisha muda wake. Wenye jina hawakuulizwa.

Mchangiaji kutoka Tanga

Ndugu mleta mada, umeitaja Datu Kalantiaw kisha ukaiacha njiani. Ilikuwaje?

Mleta mada

Niliiacha kwa makusudi, nikitaka ipate nafasi yake.

Mwezi Septemba 1981 tufani lililoitwa Clara lilipita kaskazini mwa Ufilipino. Kalantiaw ilisukumwa na mawimbi hadi ikapanda miamba ya kisiwa cha Calayan, kaskazini mwa Luzon, ikalala ubavu. Kati ya mabaharia 97 waliokuwemo walipona 18 tu, 79 walikufa. Meli ya shehena za risasi ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, Mount Hood, ilikuwa miongoni mwa zilizofika kusaidia, na kazi iliyobaki ilikuwa hasa ya kuopoa miili.

Sisemi kwamba uzee wa meli ndio uliowaua, kwa sababu tufani la namna ile limewahi kuangamiza meli mpya. Nasema tu kwamba hakuna tukio la vita, kwa kadiri ninavyozijua meli hizi tatu, lililochukua hata sehemu ndogo ya roho zilizopotea usiku ule. Ikiwa tunaipima historia ya chombo kwa watu wake, basi historia ya Booth iko kwenye miamba ya Calayan kuliko ilivyo Atlantiki. Hata jina lake lina kisa: Kalantiaw alisomeshwa mashuleni kama mtunga sheria wa kale, lakini mwaka 1968, meli ikiwa imeshabatizwa, mwanahistoria William Henry Scott alionyesha kwamba mtu huyo hakuwahi kuwepo, alikuwa ametungwa. Wale 79 walikuwepo.

Mchangiaji kutoka Dar es Salaam

Je, ipo mahali ambapo mtu anaweza kupanda meli ya aina hii leo na kuiona kwa macho?

Mleta mada

Zipo, na mbili kati ya hizo zinaufaa uzi huu.

Ya kwanza ni Slater, iliyojengwa Tampa, Florida, ikaingia kazini tarehe 1 Mei 1944. Tarehe 1 Machi 1951 ilipewa Ugiriki, ikaitwa Aetos, yaani tai. Wenzake watatu waliitwa Ierax, Leon na Panthir, yaani mwewe, simba na chui, na Wagiriki wakaziita zote nne Wanyama. Aetos ilifanya kazi hadi mwaka 1991, na kwa miaka mingi ilikuwa meli ya mafunzo ya maofisa vijana. Wazee wa Kimarekani waliowahi kutumikia meli za aina hii walichangishana fedha kupitia chama chao, Ugiriki ikawapa chombo, na mwezi Agosti 1993 kikavutwa na tagi, yaani meli ndogo ya kukokota nyingine, kutoka Krete hadi New York. Tangu Oktoba 1997 kiko Albany, mtoni Hudson, kikitunzwa kwa mapenzi makubwa na watu wa kujitolea. Nawaheshimu sana watu hao. Lakini wameikarabati meli ili ionekane kama ilivyokuwa mwaka 1945, kwa rangi, silaha na jina. Marekani iliitumia kwa miaka mitatu hivi; Ugiriki iliitumia kwa miaka arobaini. Anayepanda ngazi yake leo anaingia ndani ya ile miaka mitatu.

Ya pili ni Bauru, huko Rio de Janeiro. Ilianza ikiitwa McAnn, ikatumikia Wamarekani kwa chini ya mwaka mmoja, na mwaka 1944 ikakabidhiwa Wabrazili katika bandari ya Natal, wakaitumia hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walipoifanya makumbusho waliliacha jina la Bauru ubavuni mwake.